Je, Qurani iliitangulia sayansi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Huenda umetumiwa video inayosema wanasayansi wameduwazwa na aya fulani. Huenda umetumiwa nyingine inayosema aya hiyohiyo ni kosa la wazi. Majibu ya hapa chini yanaanza na aya yenyewe na jirani zake, kisha wafasiri wa zamani, kisha sayansi. Ukiupindua mpangilio huo, unaweza kupata jibu lolote ulitakalo.

Madai yenyewe ni yapi hasa?

Kwamba Qurani, iliyoteremka katika karne ya 7, ina habari za maumbile ambazo hakuna binadamu wa zama zile angeweza kuzijua, na kwamba sayansi imekuja kuzithibitisha juzijuzi tu. Wanaodai hivyo huliita jambo hili muujiza wa kisayansi. Ili dai hilo lisimame, mambo matatu lazima yatimie kwa pamoja: aya iwe inalisema jambo hilo kweli, jambo liwe sahihi, na pasiwe na mtu aliyelijua au kulidhani kabla. Wahadhiri wengi hutumia muda wao wote kwenye la pili, ambalo ndilo rahisi kuliko yote, na la kwanza wanalipita mbio.

Hoja hii ilianza lini?

Mizizi yake ni ya zamani. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwamba elimu zote zina asili yake ndani ya Qurani. Lakini hakuwa akidai kwamba imetabiri ugunduzi wowote. Sura tuijuayo leo ni ya karne ya 20. Mmisri Tantawi Jawhari, aliyefariki mwaka 1940, alitunga tafsiri kubwa iliyojaa picha za mimea, wanyama na vyombo vya maabara. Mwaka 1976 daktari Mfaransa Maurice Bucaille alitoa kitabu kinacholinganisha Biblia, Qurani na sayansi, kikaenea dunia nzima. Mwaka 1984 Sheikh Abdul Majid al-Zindani wa Yemen alihusika kuanzisha tume maalumu ya jambo hili huko Saudi Arabia. Na tarehe 1 Aprili 2000, mhubiri Zakir Naik wa India alijadiliana jijini Chicago na daktari Mmarekani William Campbell, aliyekuwa ameandika kitabu cha kumjibu Bucaille. Kanda za mjadala ule bado zinazunguka, na hoja nyingi unazotumiwa kwenye simu zimechotwa humo, mara nyingi na mtu asiyejua zilikotoka.

Kwani wanazuoni wa Kiislamu hawakubaliani?

Hawajapata kukubaliana. Al-Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 1388, aliwakosoa waliokuwa wakiibebesha Qurani elimu za hesabu, mantiki na maumbile. Hoja yake ilikuwa ya kawaida kabisa: masahaba ndio walioielewa Qurani vizuri zaidi, na hakuna aliyepokewa akizungumzia mambo hayo. Katika karne ya 20 Amin al-Khuli alirudia hoja hiyo kwa upande wa lugha: maneno yasomwe kwa maana waliyoifahamu watu walioteremshiwa. Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa Al-Azhar, alionya kwa sababu nyingine, kwamba sayansi hubadilika, na anayeifunga aya kwenye nadharia ya leo atapata tabu kesho ikibadilika. Mwanafizikia wa anga Nidhal Guessoum kutoka Algeria, Muislamu pia, ameikosoa njia hii kwa urefu akiwa ndani ya sayansi yenyewe.

Kwa hiyo ukiambiwa kwamba anayehoji miujiza ya kisayansi ni adui wa Uislamu, muulize msemaji Shatibi alikuwa nani.

Aya ya mbingu kupanuka je? Hiyo si wazi?

Ni Sura ya 51, aya ya 47, na kwa haki ndiyo hoja yao nzuri kuliko zote. Inasema mbingu zimejengwa kwa nguvu, kisha inamalizia na neno linaloweza kusomwa "wenye uwezo" au "wenye kupanua". Mwaka 1917 Einstein mwenyewe alikuwa bado anaamini ulimwengu umetulia. Mwaka 1927 Georges Lemaître alionyesha kwamba unapanuka, na mwaka 1929 Edwin Hubble akachapisha vipimo vya galaksi zinazotukimbia. Ukiziweka tarehe hizo kando ya aya, mtu lazima asisimke.

Sasa soma wafasiri. Al-Tabari, aliyefariki mwaka 923, alielewa neno lile kama wenye wasaa na uwezo. Ibn Kathir, wa karne ya 14, alisema Mungu amezipanua pande zake, yaani amezifanya kubwa. Kupanuka kunakoendelea hadi leo hakumo katika maneno yao. Kisha teremka aya moja tu, ya 48: na ardhi tumeitandaza. Aya hizi mbili ni pacha: paa limeinuliwa, sakafu imetandikwa. Anayeichukua ya 47 kama fizikia, halafu anaichukua ya 48 kama lugha ya kawaida ya mtu anayetazama uwanda, anatakiwa kueleza kwa nini alibadilisha miwani katikati.

Na kuna jambo zito zaidi. Ulimwengu wa Kiislamu ulikuwa na wanaastronomia wa hali ya juu. Kituo cha kuchunguza nyota cha Maragha huko Uajemi kilianzishwa mwaka 1259 na kikakusanya mabingwa wa zama zile, watu walioisoma Qurani tangu utotoni. Hakuna aliyeisoma aya hii akasema ulimwengu unapanuka. Maana hiyo ilionekana baada ya 1929. Ni kama mtu anayesema alimjua mshindi wa mechi, na anasema hivyo baada ya filimbi ya mwisho.

Na ile ya mbingu na ardhi kuambatana kisha kuachanishwa, si ndiyo mlipuko mkubwa (Big Bang) ulioanzisha ulimwengu?

Sura ya 21, aya ya 30. Tatizo la kwanza ni ardhi: ulimwengu una umri wa takriban miaka bilioni 13.8 na dunia takriban bilioni 4.5, hivyo mwanzoni hapakuwa na ardhi ya kuachanishwa na chochote. Tatizo la pili ni kwamba maelezo mojawapo ya kale kabisa, yanayonasibishwa na sahaba Ibn Abbas, yanasema mbingu ilikuwa imefungwa hainyeshi na ardhi imefungwa haioti, kisha zikafunguliwa kwa mvua na mimea. Aya yenyewe inaendelea papo hapo kutaja maji na kila kilicho hai. Maelezo hayo ya kale yanakaa vizuri zaidi na mwendo wa sentensi. Ongeza pia kwamba habari za mbingu na ardhi kutenganishwa zilikuwapo Mesopotamia maelfu ya miaka kabla.

Hatua za mimba tumboni: mtu wa jangwani angezijuaje?

Hili linahitaji nafasi. Sura ya 23, aya ya 12 hadi 14, inataja tone la manii, kisha 'alaqa, kisha pande la nyama, kisha mifupa, kisha mifupa kuvikwa nyama, kisha kiumbe kingine.

Kuhusu 'alaqa, wafasiri wa kale karibu wote walisema ni damu iliyoganda. Kiinitete, yaani mimba changa, hakipitii hatua yoyote ya kuwa damu iliyoganda, na wahadhiri wa leo wanalijua hilo, ndiyo maana wamehamia maana nyingine za neno: kitu kinachoning'inia, au ruba. Hapo huletwa picha ya kiinitete cha siku 24 ikiwa kando ya ruba, na ya siku 28 kando ya kitu kilichotafunwa, kwa sababu ya vinundu vilivyopangana mgongoni mithili ya alama za meno. Kufanana kupo. Lakini kiinitete cha siku 24 kina urefu wa milimita chache tu. Kikiharibika mapema, kinachoonekana kwa macho ni damu yenye vipande, na hicho ndicho wakunga wa kila zama wamekiona. Maana waliyoichukua wafasiri wa kale ilitokana na macho ya watu.

Kuhusu mifupa kutangulia nyama: sehemu kubwa ya mifupa na misuli hutokana na tabaka moja la tishu, na hukua sambamba. Misuli haisubiri mifupa ikamilike ndipo ije kuivika.

Upande wa pili nao huzidisha. Wakosoaji husema haya yote yamenakiliwa kutoka kwa Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, ambaye naye aliigawa mimba katika hatua nne. Ni kweli kwamba vitabu vyake kadhaa vilitafsiriwa kwa Kisiria na Sergius wa Reshaina, aliyefariki mwaka 536, kabla Mtume (s.a.w.) hajazaliwa. Ila maneno ya Qurani hayalingani na hatua za Galen moja kwa moja, na hakuna ushahidi wa kitabu chochote cha namna hiyo kusomwa Makka. Kinachoweza kusemwa bila kubahatisha ni kwamba wazo la mimba kukua kwa hatua lilikuwa limeenea kwa karne nyingi.

Sasa endelea kusoma, maana hapa ndipo kiini kilipo. Aya ya 15 na 16: kisha nyinyi mtakufa, kisha mtafufuliwa. Sura ya 22, aya ya 5, inasema kwa mdomo wake kwamba hatua hizi zimetajwa kwa mwenye shaka juu ya kufufuliwa. Hoja ni hii: unajua ulivyoanza, kitu kidogo cha kudharauliwa, basi aliyekutoa huko anashindwaje kukurudisha? Hoja ya namna hiyo inamtegemea msikilizaji aliyeko pale, anayeyajua tayari anayotajiwa. Ukisema zilikuwa siri hadi ilipopatikana darubini, umewanyima watu wa Makka hoja iliyoletwa kwao, na kwa takriban miaka 1,000 aya ikawa inazungumza na ukuta.

Ukishaliona hilo katika aya hizi utaliona kila mahali. Sura ya 88 inamwambia msikilizaji atazame ngamia, mbingu, milima na ardhi. Vyote hivyo mtu wa jangwani anaviona akiwa juu ya tandiko.

Lakini Profesa Keith Moore alikubali, na yeye ni bingwa wa somo hilo.

Moore wa Chuo Kikuu cha Toronto alikuwa bingwa kweli, na kitabu chake cha kiada kilitumika duniani kote. Katika miaka ya 1980 alishirikiana na Zindani, likatoka toleo maalumu lenye nyongeza za Kiislamu. Nyongeza hizo hazikuwa sehemu ya toleo la kawaida ambalo wanafunzi wa udaktari walilisoma. Umaarufu wa mtu katika anatomia pia haumfanyi mjuzi wa Kiarabu cha karne ya 7.

Wanasayansi wengine wa Magharibi wanaoonekana kwenye kanda za enzi hizo walialikwa kwenye mikutano na kuulizwa maswali mbele ya kamera. Mmoja wao, mwanajiolojia wa bahari William Hay, alisema hadharani mwaka 2002 kwamba aliingia mtegoni na akawaonya wenzake. Kipande hicho huwa hakimo kwenye video.

Chuma "kiliteremshwa" kutoka angani. Hapo utasemaje?

Sura ya 57, aya ya 25. Ni kweli kwamba chuma kilipikwa ndani ya nyota kabla ya dunia kuwapo. Lakini hivyo ndivyo ilivyo kwa oksijeni unayovuta, kaboni ya mwili wako na kalisi ya meno yako. Kwa nini basi chuma peke yake? Tena kitenzi hichohicho cha kuteremsha kimetumika katika Sura ya 39, aya ya 6, kwa wanyama wa kufuga, na katika Sura ya 7, aya ya 26, kwa nguo. Hakuna anayedai mbuzi walidondoka kutoka angani. Kitenzi kinasema neema imetoka kwa Mungu, basi.

Na hata ukishikilia maana ya angani, wazo hilo ni la kale mno. Wamisri walitengeneza shanga kwa chuma cha vimondo takriban mwaka 3200 kabla ya Kristo, na baadaye walikuwa na jina la chuma lenye maana ya chuma cha mbinguni.

Wengine huongeza hesabu: sura ni ya 57, na kuna isotopu, yaani aina ya atomu, ya chuma yenye namba 57. Ipo, lakini chuma kina isotopu nne thabiti, 54, 56, 57 na 58, na ile ya 56 peke yake ni zaidi ya asilimia 90 ya chuma chote. Ya 57 ni kama asilimia 2. Kama sura ingekuwa ya 56, tungeambiwa ni muujiza mkubwa zaidi. Namba ya atomu ya chuma ni 26 na aya ni ya 25, kwa hiyo hapo Bismillahi huhesabiwa ili ifike 26. Ukiruhusiwa kuongeza moja panapopelea, hakuna hesabu itakayokukataa.

Na hesabu za maneno, kwa mfano bahari asilimia 71?

Hizo ni dhaifu kuliko zote. Ili ipatikane asilimia 71, ambayo ndiyo sehemu ya uso wa dunia iliyofunikwa na bahari, huhesabiwa "bahari" mara 32 na "nchi kavu" mara 13. Hiyo 13 hupatikana kwa kuchanganya maneno mawili tofauti ya nchi kavu, huku "bahari" ikihesabiwa kwa umoja tu, na wingi wake na uwili wake vikiachwa nje.

Aliyeufuata mkondo huu hadi mwisho ni Rashad Khalifa, mwanakemia wa Kimisri aliyeishi Marekani, na nadharia yake kwamba Qurani nzima imepangwa kwa hesabu za namba 19. Hesabu zilipokataa, aliishia kusema kwamba aya mbili za mwisho za Sura ya 9 si za Qurani. Yaani kipimo kilichokusudiwa kuilinda Qurani kiliikata. Waislamu wengi walimkataa, na aliuawa mjini Tucson mwaka 1990.

Milima ni vigingi vyenye mizizi ardhini. Kweli?

Mizizi ipo. George Airy aliieleza mwaka 1855, na chini ya Himalaya gamba la dunia lina unene wa takriban kilomita 70, karibu mara mbili ya wastani wa mabara. Hadi hapo sawa. Lakini Sura ya 16, aya ya 15, inasema milima iliwekwa ili ardhi isiyumbe, na muujiza unaodaiwa ni kwamba milima huituliza dunia. Jiolojia inasema milima mingi mikubwa imezaliwa na mgongano wa mabamba ya ardhi, mgongano uleule unaoleta matetemeko. Nepal, chini ya Himalaya yenyewe, ilipigwa na tetemeko la kipimo cha 7.8 mwaka 2015. Mtu anayeishi hemani, akiuona mlima umesimama imara, anauona kama kigingi, na aya inazungumza naye.

Bahari mbili zisizochanganyika?

Zinachanganyika, ila polepole. Maji yenye chumvi na joto tofauti hujipanga kwa matabaka, na mpaka kati yao unaweza kudumu. Sura ya 25, aya ya 53, inataja tamu na chumvi, jambo ambalo kila mvuvi wa mdomo wa mto analijua kwa ulimi wake. Karibu na Bahrain kulikuwa na chemchemi za maji matamu chini ya bahari, na wapiga mbizi wa lulu waliyateka humo. Picha ya bahari yenye rangi mbili inayozunguka mitandaoni, kutoka Ghuba ya Alaska, ni ya maji yenye matope ya mito ya barafu yakikutana na ya bahari kuu, nayo huchanganyika.

Armstrong alisilimu baada ya kusikia adhana mwezini?

Hapana. Mwaka 1983 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ililazimika kutuma taarifa kwa balozi zake kwamba habari hiyo si ya kweli. Ya Jacques Cousteau kusilimu kwa sababu ya bahari mbili nayo ilikanushwa.

Basi Qurani ina makosa ya kisayansi?

Wanaosema hivyo wanasoma kwa njia ileile ya Bucaille, wamegeuza alama tu. Mfano wao mkubwa ni Sura ya 18, aya ya 86, jua likitua kwenye chemchemi ya matope. Aya inasema Dhul-Qarnayn, mtawala anayesimuliwa katika sura hiyo, alilikuta likitua hivyo. Ibn Kathir, aliyeishi karne kadhaa kabla ya mabishano haya, alisema ndivyo kila anayesimama ufukweni anavyoliona jua, kama linazama baharini.

Kuna aya ambazo kwa haki ni ngumu zaidi kwa mtetezi, kama Sura ya 86, aya ya 6 na 7, maji yanayotoka kati ya uti wa mgongo na mbavu. Watetezi husema korodani huanza kuumbika karibu na figo kisha hushuka, jambo ambalo ni kweli, lakini aya inazungumzia maji yanayochupa, na ya mtu mzima. Ukisoma kwamba inamzungumzisha msikilizaji kwa elimu ya mwili aliyokuwa nayo, ugumu unapungua sana. Anayeshikilia kwamba kila aya ni ripoti ya maabara ndiye anayebaki na mzigo.

Umbo la dunia linaonyesha vizuri jinsi wenyewe walivyotofautiana. Ibn Hazm, aliyefariki mwaka 1064, alitetea kwa aya kwamba dunia ni duara. Jalal al-Din al-Mahalli, aliyefariki mwaka 1459, kwenye Sura ya 88, aya ya 20, aliandika kwamba dhahiri ya aya ni ardhi bapa, tofauti na wasemavyo wanaastronomia. Qurani moja, wasomi wawili wakubwa, na Wagiriki walikuwa wameshapima mzingo wa dunia karibu miaka 1,300 kabla ya Ibn Hazm.

Wakristo na wengine hawana hoja kama hizi?

Wanazo. Ayubu 26:7 inasema dunia imetundikwa pasipo kitu, na Isaya 40:22 inataja duara ya dunia. Nchini India, Dayananda Saraswati wa karne ya 19 alisema sayansi za kisasa zimo ndani ya Veda. Muislamu akizisoma hizo anaona upesi pale msomaji alipotia maana yake mwenyewe, na aelekeze jicho hilohilo kwenye video aliyotumiwa.

Nikikataa hoja hii, nimeikataa Qurani?

Sioni hivyo, na niliowataja juu hawakuona hivyo. Sura ya 2, aya ya 189, inaeleza kwamba watu waliuliza kuhusu miezi miandamo. Wakajibiwa kwamba ni vipimo vya wakati kwa watu na kwa Hija. Nafasi ya kufundisha astronomia ilikuwapo, haikutumika. Katika Sahih Muslim, Mtume aliwakuta watu wakichavusha mitende akadhani haina haja. Walipoacha, mavuno yakapungua, naye akawaambia kwamba wao wanayajua zaidi mambo ya dunia yao. Ibn al-Haytham alisoma mwanga na al-Biruni akapima ukubwa wa dunia kwa vipimo na hesabu, na wote wawili walikuwa Waislamu.

Hata miongoni mwa walinganiaji mambo yamebadilika. Hamza Tzortzis wa Uingereza, aliyekuwa ameitetea sana hoja ya mimba, aliandika mwaka 2013 kwamba njia ya miujiza ya kisayansi ina kasoro na akapendekeza nyingine.

Nikikutana na mtu anayetaka tujadiliane, nianzie wapi?

Mwombe achague aya moja, aliyo na uhakika nayo kuliko zote. Someni pamoja aya tano kabla na tano baada. Tafuteni al-Tabari alisema nini. Kisha muulize ni nani wa kwanza kuisoma kwa maana hiyo ya kisayansi na mwaka gani, muuweke mwaka huo kando ya mwaka wa ugunduzi. Akirukia aya nyingine kabla hamjamaliza ya kwanza, mrudishe kwa upole. Akileta kumi kwa dakika tano, hiyo imekuwa hotuba, nawe uko huru kumsikiliza au kwenda zako.